Kamanda Mstaafu Anapoitwa Kufundisha

Safu hii hujibu maswali ya wasomaji kuhusu kazi, uongozi na maisha baada ya utumishi. Mwezi huu nimechagua barua nne, tatu za mkoa wetu wa Tanga na moja ya Bagamoyo, kwa kuwa zote zinahusu viongozi wa jeshi waliostaafu ambao sasa wanaitwa kufanya kazi ya ushauri elekezi na ya kuwajengea wengine uwezo. Barua ya kwanza imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu ndani yake yamo mambo ambayo familia nyingi huyajadili barazani bila kupata wa kuwajibu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Baba yangu alistaafu jeshini akiwa Luteni Kanali, na katika miaka yake ya mwisho alikwenda Darfur na kikosi chetu cha kulinda amani. Sasa yuko hapa Muheza na shamba lake la machungwa. Mwezi uliopita asasi moja ya Dar es Salaam ilimwomba awe mshauri elekezi katika mradi wa kuzijengea uwezo kamati za maafa za vijiji vya pwani, kuanzia Moa hadi Kipumbwi. Baba anaitamani kazi hiyo, ila anasema yeye alizoea kuamuru, na mshauri hana wa kumwamuru. Mama hataki kabisa. Anasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na baba amekwisha kurejea. Mimi ndiye ninayemwandikia barua zake, nami ningependa kujua: je, kazi hii ina heshima inayomfaa mtu wa cheo chake? Anauza nini hasa? Na kabla hajatia saini, atazame mambo gani ya kisheria?
Binti wa Afande, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu, na umfikishie baba salamu zangu. Katika barua yako nzima, sentensi iliyonishika ni hiyo ya baba kwamba mshauri hana wa kumwamuru, kwa sababu mtu anayeliona hilo kabla hajaanza kazi amekwisha kuvuka mahali ambapo wengi hukwama. Kamanda anapotoa amri, nyuma yake ipo sheria, ipo nidhamu, na upo mlolongo wa vyeo unaoibeba amri hiyo hadi kwa askari wa mwisho. Mshauri elekezi anaposema neno, nyuma yake hakuna kitu ila imani ya wanaomsikiliza, na imani hiyo haiji pamoja na barua ya kumwalika; huipata kijijini, siku baada ya siku, kwa namna anavyowauliza watu na anavyowasikiliza.

Nchi jirani ya Kenya inatupa mfano ninaoupenda sana. Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo, aliyewahi kuwa Kamanda wa Jeshi la Nchi Kavu la Kenya, ndiye aliyesimamia mazungumzo ya Sudan yaliyozaa Itifaki ya Machakos mwezi Julai 2002 na hatimaye mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Mbele yake walikaa John Garang, kiongozi wa waasi wa Sudan ya kusini, na Ali Osman Taha, makamu wa rais wa Sudan, watu wawili ambao hakuwa na uwezo wa kumwamuru hata mmoja wao asimame au aketi. Alichokuwa nacho ni subira, uelewa wa vita kutoka ndani, na utayari wa kukaa miezi mingi akiwasikiliza watu waliopigana kwa miaka zaidi ya 20. Ninaamini kwamba askari aliyeiona vita ana sababu kubwa kuliko wengi wetu ya kuyathamini mazungumzo, na hiyo ni mali ambayo baba yako alirudi nayo kutoka Darfur.

Kuhusu heshima, basi, wasiwasi uwaondoke. Jenerali Mrisho Sarakikya, Mkuu wa Majeshi wa kwanza wa JWTZ, baadaye aliitumikia nchi kama balozi. Jenerali mstaafu Abdulsalami Abubakar wa Nigeria, aliyekuwa mkuu wa nchi kuanzia 1998 hadi 1999, aliongoza usuluhishi wa Liberia uliofikia makubaliano ya Accra mwaka 2003. Roméo Dallaire wa Canada, aliyekuwa kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, alistaafu mwaka 2000 akiwa na majeraha ya moyo ambayo hakuyaficha, kisha akaanzisha kazi ya kuwafundisha askari na polisi namna ya kuzuia watoto wasiingizwe vitani. Kazi hiyo inaendelea hadi leo kupitia taasisi yenye jina lake katika Chuo Kikuu cha Dalhousie. Na yupo Meja Jenerali Patrick Cammaert wa Uholanzi, aliyeongoza vikosi vya Umoja wa Mataifa mashariki ya Kongo kuanzia 2005 hadi 2007, ambaye baada ya kustaafu alijitoa kuwafundisha makamanda wengine jinsi ya kuwalinda raia, hasa wanawake na wasichana. Hawa hawakushushwa na kazi ya kufundisha.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, kwa maana hapo ndipo penye uzito. Baba anauza nini?

Hauzi cheo. Cheo alikirudisha siku aliyokabidhi vifaa vyake, na kinachobaki mbele ya jina lake ni heshima ambayo watu wanampa kwa hiari. Anachouza ni ustadi wa kuwaandaa watu kwa jambo ambalo halijatokea, na ustadi huo una sehemu zake ambazo wanajeshi wanazijua vizuri kuliko taasisi nyingi za kiraia: kuikadiria hali kabla ya kupanga, kupanga huku ukijua kwamba mpango utavurugika, kufanya mazoezi ya mpango wenyewe, na kukaa baada ya zoezi mkajiambia ukweli.

Chukua kamati ya maafa ya kijiji kimoja tu, tuseme Moa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitambua kamati hizi hadi ngazi ya kijiji, kwa hiyo kamati ipo, ina mwenyekiti na katibu, na pengine ina daftari. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga kisiwa cha Mafia, na pwani yote ikajifunza kwamba tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa si habari ya redioni tu. Ikija tahadhari ya namna hiyo saa nane za usiku, nani Moa anaupokea ujumbe kwenye simu yake, na simu hiyo ikiwa imezima chaji, nani wa pili? Nani ana ufunguo wa msikiti ili kipaza sauti kitumike? Nani ana ufunguo wa shule ambayo watu watakimbilia? Bibi asiyeweza kutembea anabebwa na nani, kwa njia ipi, na njia hiyo inapitika mvua ikiwa kubwa? Na wavuvi walioondoka magharibi na ngalawa zao, ambao kwa saa hiyo wako mbali na pwani, wataitwa kwa ishara gani? Maswali kama haya hayajibiwi kwa semina ya ukumbini yenye chai na posho. Yanajibiwa kwa zoezi la mezani kwanza, watu wakiizunguka ramani waliyoichora wenyewe, halafu kwa zoezi la kweli, ambapo ufunguo unatafutwa usiku na inaonekana kwamba aliyenao amesafiri kwenda Horohoro.

Baada ya zoezi huja kile ambacho kwangu ni zawadi kubwa zaidi ambayo wanajeshi wameipa dunia ya mafunzo, yaani tathmini ya baada ya zoezi. Jeshi la Marekani ndilo lililoupa utaratibu huu umbo lake katika miaka ya 1970, na leo unatumiwa na hospitali, vikosi vya zimamoto na mashirika ya misaada. Watu hukaa pamoja na kuulizana: tulikusudia nini, kimetokea nini, kwa nini imekuwa hivyo, na mara nyingine tufanyeje. Katika kikao hicho vyeo huwekwa kando, na askari wa chini kabisa anaweza kumwambia kamanda wake kwamba amri ilichelewa. Kwa hiyo umwambie baba kwamba ushauri anaouogopa amekwisha kuufanya maishani mwake mara nyingi. Ni ule muda wa baada ya zoezi, pale ambapo kamanda hunyamaza ili wengine waseme.

Lakini kufundisha bila kuuliza kuna hatari zake, nami sitaki kumficha baba hilo. Miaka michache iliyopita nilihudhuria mafunzo katika halmashauri moja ambayo sitaitaja. Mkufunzi alikuwa ofisa mstaafu, msomi, mwenye uzoefu ambao sote tuliuheshimu, na alizungumza kwa siku tatu kwa sauti ya gwaride. Hakuna aliyeuliza swali, kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba swali linaruhusiwa. Alipoondoka liliachwa jalada zuri la kurasa nyingi, likawekwa kabatini, na nilipopita ofisini humo baada ya mwaka niliambiwa kwamba aliyekuwa na ufunguo wa kabati amehamishwa. Nilihuzunika, kwa sababu ndani ya jalada lile mlikuwa na mambo ya kuokoa maisha.

Sisi wa Tanga tuna somo la zamani la jambo hili. Novemba 1914 Meja Jenerali Aitken wa Uingereza aliteremsha Raskazone jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India, akikabiliana na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ambao walikuwa kama 1,000 tu. Maofisa wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza lenye askari Waafrika, walioijua Afrika Mashariki walikuwa wamemwonya kwamba askari Waafrika wa upande wa Wajerumani walikuwa wapiganaji hodari, naye akalipuuza onyo hilo, na msaada wa kikosi chao akaukataa. Kabla ya mapigano meli ya Waingereza iliingia kutoa taarifa na kudai mji usalimu amri, na muda huo ukawatosha Wajerumani kuwaleta askari kwa reli kutoka Moshi. Tarehe 5 Novemba Waingereza walirudi melini wakiwa wamepoteza, kwa waliouawa, waliojeruhiwa na waliotoweka, zaidi ya watu 800, na bunduki nyingi zikaachwa ufukweni. Wengi hukumbuka nyuki waliowashambulia askari katika mapigano yale, ilhali mimi nikipita Raskazone huwakumbuka wale maofisa walioshauri na wasisikilizwe. Baba akifika Kipumbwi, nahodha mzee anayezijua pepo za kusi na kaskazi ndiye atakayekuwa katika nafasi yao.

Upande wa sheria nitakuwa mfupi. Kwanza, Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inamfunga mtu kuhusu siri alizozipata kazini hata baada ya kuondoka. Katika andiko, mhadhara au mfano wa kufundishia, asitumie kitu chochote ambacho kilikuwa cha ndani. Pili, aombe hadidu za rejea zilizoandikwa, zenye kueleza kazi inaanza lini, inaisha lini, na asasi inategemea kupokea nini mkononi, na malipo yagawanywe kwa hatua za kazi badala ya kungojwa hadi mwisho. Tatu, awe na namba ya mlipakodi, na ajue kwamba malipo ya huduma ya kitaalamu kwa mkazi wa nchini hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, naye adai hati ya makato hayo. Nne, na hili naliwekea mkazo, asikubali kulipwa kwa ajili ya kufungua milango. Wapo wateja ambao hawauhitaji ujuzi wa mstaafu. Wanahitaji namba zake za simu na wale vijana aliowalea ambao sasa wana vyeo. Mwaka 2022 gazeti la Washington Post lilifichua kwamba wanajeshi wastaafu zaidi ya 500 wa Marekani, wakiwamo majenerali na maadmeri, walikuwa wamechukua kazi kwa serikali za kigeni tangu 2015, nyingi zikiwa za nchi za Ghuba, na wananchi wao wakauliza kwa haki ni kitu gani hasa kilichokuwa kikinunuliwa. Baba akiona kwamba hadidu za rejea hazieleweki lakini malipo ni makubwa, basi anayenunuliwa ni jina lake, na hapo akatae.

Mama naye ana haki yake. Kazi ya ushauri haihitaji mtu ahame nyumbani. Mkataba wa miezi mitatu, wenye safari za siku nne au tano, unaweza kupangwa usigongane na msimu wa machungwa. Wazungumze wote wawili kabla ya saini, na wewe uwepo.

SWALI: Mheshimiwa mshauri, mimi ni katibu wa BMU, yaani kikundi cha wanajamii cha kulinda rasilimali za uvuvi, katika kijiji kimoja cha wavuvi karibu na Kigombe. Mradi mmoja umetuahidi mkufunzi ambaye ni ofisa wa kijeshi mstaafu ili atujengee uwezo wa ulinzi wa rasilimali za bahari. Baadhi ya wazee wanaogopa kwamba tutafundishwa kutumia nguvu na ugomvi utaingia kati ya jamaa na jamaa. Tumkubali au tumkatae?
Katibu wa BMU, Muheza

JIBU: Mkubalini, lakini muitane kwanza naye mkae kikao kabla ya siku ya mafunzo, na kikao hicho kifanyike hapo kijijini kwenu, si katika hoteli ya mjini.

Wazee wenu hawaogopi bure. Pwani yetu iliumizwa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti, na kila mtu wa Kigombe anajua kwamba aliyerusha baruti mara nyingi alikuwa mtoto wa fulani, mpwa wa fulani, mkwe wa fulani. Matumbawe ambayo baruti iliyavunja kwa dakika moja hayarudi kwa miongo, na ndiyo maana uvuvi huo ulistahili kupigwa vita kwa nguvu zote za serikali. Ila nguvu hizo ni za polisi, za maofisa uvuvi na za mahakama. BMU si kikosi. Mkufunzi mzuri atalisema hilo katika saa ya kwanza bila kuulizwa, na asipolisema, muulizeni.

Ofisa mstaafu mwenye ujuzi wa kweli anaweza kuwapa mambo matatu ambayo hamtayapata kwa urahisi kwingine. Atawafundisha kutazama na kuandika, yaani kuiweka taarifa katika daftari kwa namna ambayo ofisa uvuvi au hakimu ataiamini: saa, mahali, chombo, rangi ya tanga, kilichoonekana kwa macho na kilichosikika kwa watu, kila kimoja katika safu yake. Atawafundisha kupanga zamu ambazo watu wanaovua usiku wanaweza kuzitimiza kweli. Na atawafundisha usalama wenu wenyewe baharini, kwa kuwa mlinzi wa rasilimali aliyezama kwa kukosa jaketi la kuokolea hamlindi samaki yeyote.

Kipimo changu ni hiki, nami ninakitumia kwa kila mkufunzi, awe jenerali au profesa: mwulizeni ni nani kati yenu atakayeweza kuyafundisha mafunzo yale yale miezi sita baada ya yeye kuondoka. Akiwa na jibu, na jibu hilo likiwa na majina ya watu wa kijiji chenu, wakiwamo wanawake wanaonunua samaki pwani na kujua kuliko yeyote ni samaki yupi ameuawa kwa baruti, basi mmepata mtu. Anayejibu kwamba atarudi mwenyewe kila mwaka anawajengea utegemezi.

SWALI: Ninasoma kwamba majenerali wastaafu huteuliwa kuongoza bodi za mashirika ya umma, na kwamba huko nje wana makampuni yao ya ushauri. Je, ni sahihi kuyachanganya mambo ya jeshi na ya raia kiasi hicho?
Msomaji, Magomeni, Bagamoyo

JIBU: Umeuliza mambo mawili, na yafaa yatenganishwe.

Uteuzi wa bodi ni utumishi wa umma unaoendelea. Jenerali Robert Mboma aliwahi kuwa mwenyekiti wa bodi ya TANESCO, Jenerali George Waitara wa TANAPA, Jenerali Davis Mwamunyange wa DAWASA, na Jenerali Venance Mabeyo wa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Mwenyekiti wa bodi anawajibika kwa sheria iliyounda taasisi hiyo, hesabu zake hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), na Bunge linaweza kuuliza. Mtu anaweza kukubali au kukataa uteuzi fulani, lakini njia ya kuhoji ipo na inajulikana. Ninyi wa Bagamoyo mnao pia mfano wa aina nyingine: Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga, aliacha jeshi mwaka 1992 akiwa Luteni Kanali pale siasa za vyama vingi zilipoanza, na kabla ya hapo alikuwa amefundisha siasa katika chuo cha maofisa cha Monduli. Mwaka 2016, akiwa rais mstaafu, Umoja wa Afrika ulimteua kuwa mwakilishi wake wa juu kwa ajili ya Libya. Huyo ni mwalimu aliyeitwa tena kwa sababu ya aliyoyajua.

Makampuni ni jambo jingine, na hapo nina mashaka ambayo sitayaficha. Mwaka 1987 maofisa wastaafu wa Marekani waliunda kampuni iliyoitwa MPRI, na mwaka 1994 ikapata mkataba wa kuishauri Kroatia kuhusu kuligeuza jeshi lake liwe la kidemokrasia. Agosti 1995 jeshi hilo hilo liliendesha operesheni kubwa iliyowafukuza Waserbia wengi sana kutoka makwao. Kampuni ilikana kwamba ilihusika na vita hiyo, na mwaka 2010 baadhi ya waathirika waliishtaki katika mahakama ya Chicago. Tatizo ninaloliona ni kwamba mwananchi wa kawaida hakuwa na mahali pa kuuliza ni nini hasa kilichofundishwa, kwa nani, na kwa idhini ya nani.

Afrika Kusini iliijibu hatari ya namna hiyo mapema. Baada ya kampuni ya Executive Outcomes kupeleka wanajeshi wa zamani katika vita vya Angola na Sierra Leone, nchi hiyo ilitunga sheria mwaka 1998 inayomtaka raia wake apate kibali cha serikali kabla ya kutoa msaada wa kijeshi nje, na neno msaada katika sheria hiyo linajumuisha ushauri na mafunzo. Ninaona hiyo ni hekima. Kumshauri mwanakijiji ajiandae kwa mafuriko na kulishauri jeshi la nchi ya kigeni lishambulie vipi ni kazi mbili tofauti kabisa, hata kama zote huandikwa ushauri elekezi kwenye ankara.

Hapa Afrika nimevutiwa na kazi iliyoongozwa mwaka 2017 na Luteni Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz wa Brazili, yule aliyekuwa kamanda wa majeshi ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo kuanzia 2013 hadi 2015, wakati wanajeshi wetu walipokuwamo katika brigedi iliyopambana na waasi wa M23. Umoja wa Mataifa ulimwita aongoze uchunguzi wa kwa nini walinda amani wanauawa kwa wingi, naye akawaambia waziwazi kwamba kofia ya bluu peke yake haimlindi tena mtu, na kwamba mafunzo na uongozi lazima vibadilike. Mwaka ule ule, tarehe 7 Desemba, vijana wetu wasiopungua 14 waliuawa kule Semuliki, mashariki ya Kongo, katika shambulio moja. Kwa hiyo swali alilopewa yule jenerali lilikuwa la nyumba zetu pia, na ushauri wa wazi wa namna hiyo, uliochapishwa ili kila mtu ausome, ndio ninaoutetea.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi nilistaafu nikiwa Afisa Mteule, si kanali wala jenerali. Kwa miaka mingi nilikuwa mkufunzi wa vijana na baadaye msimamizi wa ghala. Nikisoma matangazo ya kazi za ushauri naona wanataka shahada na vyeo vikubwa. Je, sisi hatuna nafasi?
Mstaafu, Kabuku, Handeni

JIBU: Marahaba Afande. Umenigusa, kwa sababu ninaamini kwamba mkufunzi wa kweli wa jeshi lolote ni mtu wa cheo chako. Kamanda huamua, Afisa Mteule na Sajini ndio waliomfundisha kijana wa miaka 19 kufunga kamba za buti, kulinda maji yake ya kunywa na kumbeba mwenzake aliyeumia. Kazi nyingi za kujenga uwezo huku vijijini ni za namna hiyo hiyo: huduma ya kwanza, utunzaji wa ghala la kijiji lisiliwe na panya wala na watu, upakiaji wa malori ya misaada, usafi wa kambi ya waliohamishwa na mafuriko, ukaguzi wa pikipiki kabla ya safari ndefu.

Usiyasubiri matangazo ya zabuni kubwa peke yako. Watafute wastaafu wenzako wawili watatu wenye ujuzi unaokamilishana, mwuguzi wa kijeshi, fundi wa magari, mtu wa mawasiliano, mkaandikishe biashara BRELA, mpate leseni katika halmashauri yenu, na mjisajili kwenye mfumo wa NeST ambao zabuni za serikali hupitia. Anzeni na shule na vyama vya ushirika vya hapo Handeni, hata kwa malipo madogo, ili muwe na watu wa kuwashuhudia. Na akija mtu na ahadi ya mshahara wa dola kwa kazi ya ulinzi katika nchi yenye vita, huku akikuomba usimwambie mtu, achana naye. Afrika ilikubaliana tangu 1977, katika mkataba uliopitishwa Libreville, kwamba uaskari wa kukodiwa ni uhalifu, na anayekupeleka huko hatakuwapo siku utakapotafutwa.

Jambo moja la mwisho, ambalo unaweza kulifanya wiki hii. Wasifu wako uandike kwa lugha ya raia. Usiandike kwamba ulikuwa msimamizi wa ghala la kikosi ukaishia hapo, kwa maana katibu wa asasi hajui maana yake. Eleza ulikuwa ukihifadhi chakula cha watu wangapi, kwa muda gani, na ulifanya nini mvua zilipokata barabara, bila kutaja kambi wala jambo lolote la siri. Halafu eleza umewafundisha vijana wangapi na walikuwa hawajui nini walipofika kwako. Ukimaliza nitumie nakala kupitia ofisi ya jarida, nami nitaisoma yote na kukurudishia ikiwa na masahihisho.